Umekula, umelipa, sasa sema vizuri: namna ya kutoa maoni ya kweli kuhusu sehemu za kula, hapa kwetu na ukisafiri

Mi nilikuwa weita. Miaka miwili na kitu, hoteli moja ya katikati ya mji hapa Dar, jina nalihifadhi, na ile kazi ndio ilinifundisha kwamba sisi hatusemi. Mtu anakula nyama imekakamaa kama soli ya kiatu, napita mezani namuuliza vipi kaka chakula kiko poa, anajibu kiko poa kabisa, anakunywa maji, analipa, anaaga na tabasamu, alafu jioni tunaona mtandaoni nyota moja na maneno matatu: "Hovyo kabisa msiende." Sasa hapo mpishi amejifunza nini? Na yule anayetafuta pa kula kesho ameambulia nini? Hajui kama tatizo ni nyama au wali, hajui ilikuwa mchana au usiku, hajui kama ulilipa elfu tano au elfu thelathini.

Kwa hiyo hapa naandika jinsi mimi ninavyofanya siku hizi, baada ya kukaa pande zote mbili za meza. Lengo ni moja tu, ukiandika maoni yako mwandikie mtu ambaye hakuwepo. Huyo mtu ana njaa yake, ana hela yake na ana ulimi wake, hivyo usimwamulie, mpe vitu vya kumsaidia aamue mwenyewe.

Tuanze na mfano maana bila mfano tutabaki kupiga porojo. Haya ndio maoni ya kawaida:

"Chakula kibovu, huduma ziro, bei kubwa, msiende."

Na haya ni ya siku ileile, meza ileile, mtu akitulia kidogo:

"Nilienda Jumanne saa saba na nusu mchana, tulikuwa wawili. Niliagiza wali nazi na samaki wa kupaka, 15,000. Wali ulikuwa mzuri, nazi unaisikia na punje zimeachana. Samaki alikuwa changu wa saizi ya kiganja, nje kaungua na ndani karibu na mfupa bado ana damu. Nikamwambia dada, akamrudisha jikoni bila maneno, akaja tena baada ya dakika ishirini ameiva ila mchuzi ushakaukia na chumvi imezidi. Mwenzangu alikula pilau kuku ya 10,000 na hakulalamika. Toka tunaagiza mpaka chakula kufika ilikuwa dakika hamsini. Choo kisafi. Nikirudi nitakula wali wa nazi na kitu kingine, samaki hapana."

Umeona? Hakuna aliyetukanwa, na bado aibu ya samaki imesemwa yote. Mtu anayependa pilau ataenda. Mtu mwenye lanchi ya nusu saa hataenda maana ameshajua atasubiri. Na mpishi, kama ana akili, anajua kabisa moto wake ulikuwa mkali mno na samaki hakuchanwa vizuri ubavuni.

Vitu vyenyewe vya kutaja havizidi vidole vya mkono mmoja na nusu: siku na saa, mlikuwa wangapi, uliagiza nini hasa kwa jina, bei gani, ulisubiri muda gani, na ulipolalamika walifanyaje. Hili la mwisho watu wengi wanalisahau na kwangu mimi ndio kubwa kuliko yote, maana kila jiko linakosea, hata la bibi yako, tofauti inakuja kwenye namna wanavyopokea sahani ikirudi.

Kuhusu maneno

"Kitamu" haisemi kitu. "Kitamu sana" ndo kabisa. Na Kiswahili cha jikoni kimejaa maneno mpaka yanamwagika, tunayatumia kila siku nyumbani ila tukishika simu tunayasahau tunabaki na "noma" na "moto". Wali unaweza kuwa umeshikana, umekuwa bokoboko, una kiini, umeungua una harufu ya moshi. Nyama imekakamaa au imechambuka. Samaki ana shombo. Mboga imelala. Ndizi ina ukakasi. Chapati ni ya jana imepashwa, unaikunja inakatika. Maharage yamechacha, hayo hata usiandike, inuka tu uondoke. Mafuta ya chipsi yamerudiwa mara nyingi, utaona zimekuja nyeusi nje kabla ya kuiva ndani, alafu ukimaliza kula kinywa chote kimeganda utadhani umelamba mshumaa. Ukisema hivyo msomaji anausikia mdomoni mwake, hahitaji umwambie "kibaya".

Alafu tambulisha ulimi wako. Mtu wa Tanga akisema mchuzi hauna nazi ya kutosha na mtu wa Arusha akisema hivyohivyo, hawajasema kitu kimoja. Mimi kwa mfano huwa naandika wazi kwamba nakula pilipili mbuzi nzima bila kuhema, kwa hiyo nikisema pilipili ya sehemu fulani ni kali basi we usiyezoea weka maziwa karibu. Na vitu nisivyovipenda navitaja pia, bamia sili, kwa hiyo siwezi kuhukumu bamia ya mtu hata ingepikwa na malaika.

Kabla hujalaumu, hakikisha kosa ni la nani

Hapa ndio penye mambo mengi, nivumilie.

Chukua nyama choma. Unaenda buchani pale pale baa, unachagua mguu wa mbuzi, unapimiwa kilo ikiwa mbichi, unalipa, inapanda jikoni. Inarudi kwenye sinia unaona imekuwa ndogo unaanza fujo kwamba mmepunguza nyama yangu. Jamani, kuna mfupa mle, na moto unaondoka na maji na mafuta, robo nzima ya uzito inaweza kupotea na ikiiva sana inazidi hapo. Hiyo ni sawa Dar, ni sawa Arusha na ni sawa Nairobi. Ukitaka kulaumu, laumu kitu ulichokiona, kwamba mzani ulikuwa umegeuzwa huoni namba, au kwamba ulichagua paja ikaja mbavu. (Hilo la pili limewahi kunikuta, na nilijua kwa sababu nilichagua mguu mmoja tu na kwenye sinia kulikuwa na mbavu tupu.)

Kuku wa kienyeji wa kuchoma hawezi kuwa tayari kwa dakika kumi na tano. Akija kwa dakika kumi na tano basi ama alishachemshwa tangu asubuhi ama sio wa kienyeji. Kwa hiyo kusubiri dakika hamsini kwa kuku choma sio kosa, kosa ni weita aliyekwambia "dakika kumi tu bosi". Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, tulikuwa tunaelekezwa tuseme hivyo, mteja asiondoke.

Sasa hili la weita. Neno "huduma mbovu" linamwangukia mtu wa mshahara mdogo kuliko wote mle ndani. Jumapili moja baada ya misa tulikuwa wawili tu, meza kumi na nne, mwenzetu anaumwa, jenereta limegoma na jokofu la vinywaji limekufa. Mteja mmoja akaandika jina langu kamili mtandaoni, eti mvivu na ananuna. Nilinuna kweli sikatai. Ila aliyeamua kwamba wahudumu wawili wanatosha siku ya Jumapili sio mimi, na aliyekatwa hela mwisho wa mwezi ni mimi. Tangu hapo nina sharti langu, nikimsifu mhudumu nataja jina lake maana inaweza kumpandisha, nikimlaumu naandika siku na saa basi. Meneja akiwa na nia ataangalia ratiba ya zamu atamjua, dunia nzima haina haja ya kumjua.

Bei nayo uisome vizuri kabla ya kusema umeibiwa. Tanzania bara VAT ni asilimia 18 na sehemu nyingi imeshawekwa ndani ya bei ya menyu, lakini hoteli kubwa nyingine wanaijumlisha mwishoni, na pengine wanaongeza na sevisi chaji. Kenya utakuta kwenye menyu maandishi madogo chini kabisa kwamba bei ina VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Kama maandishi yalikuwepo na hukusoma, hilo ni lako. Kama hayakuwepo na bili imekuja na nyongeza, hapo andika, na weka na picha ya risiti. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ni rafiki yako, ina tarehe, ina saa, ina kila ulichoagiza na kodi yake. Ule msemo wa TRA wa ukinunua dai risiti mi naupenda kwa sababu hii, mtu akinibishia kwamba sikuwahi kukanyaga kwake namwonyesha karatasi.

Na bei ya mdomo ndio mtego wa sehemu za ufukweni. Kuna mtu mmoja, sisemi wapi, alinikatia pweza kwenye mshikaki, akaongeza na ngisi, akaongeza na chapati, "onja tu ndugu yangu", mwisho wa kula ananitajia 45,000. Kwenye maoni yangu sikuandika kwamba ameniibia, niliandika hivi: "hakuna bei iliyoandikwa, sikuuliza, nililipa 45,000 kwa mishkaki mitatu na chapati moja, uliza bei kabla hajashika kisu." Imesomwa na watu wengi kuliko maoni yangu yote.

Sema pale pale kwanza

Hii inatuuma sisi watu wa Pwani hasa, tumefunzwa kwamba chakula hakitiwi kasoro. Na ni adabu nzuri, nyumbani kwa mtu. Ukiwa umelipa ni biashara, na ukikaa kimya umewanyima nafasi ya kurekebisha.

Unasemaje bila kuonekana mkorofi? Sauti ya chini, kitu kimoja, na omba unachotaka kifanyike. "Dada samahani, naona huyu samaki ndani bado, naomba wamrudishe kidogo." Basi. Usianze na "nyie huwa mnafikiri sisi wajinga". Usimwite kwa kupiga mluzi wala kugonga glasi. Na useme mapema, ukishamaliza robo tatu ya sahani alafu unasema nyama mbaya, hata mimi ningekuangalia mara mbili.

Kwa mama ntilie ndio kabisa usiende mtandaoni. Mwanamke ana masufuria manne na benchi mbili, anauza sahani kwa 2,500 au 3,000, maoni yako ya nyota moja yatamfikia vipi zaidi ya kumharibia kwa wapita njia? Subiri watu wapungue, msogelee, "mama mkubwa, leo maharage naona chumvi imekimbia" au "mama, zile sahani zikioshwa kwenye beseni moja asubuhi mpaka jioni hatutakuja." Atacheka, au atakununia siku mbili, lakini atabadilisha. Ukitaka kumwandikia, andika mazuri yake na wapi anapatikana. Na mpime kwa mizani yake, maji ya kunawa yapo na yanatiririka, chakula kimefunikwa, cha moto ni cha moto kweli. Usimpime kwa viti.

Rafiki akifungua mgahawa huo ni mtihani mwingine. Mwambie ukweli kwa simu, na mtandaoni kaa kimya au sema wazi kwamba ni rafiki yako. Hivyohivyo ukialikwa ule bure ili uposti. Kula, hakuna ubaya, ila andika mstari wa kwanza kabisa "nimealikwa, sijalipa". Wasomaji hawachukii hilo, wanachukia wakija kugundua baadaye.

Tumbo likiuma

Nitasema hili taratibu. Watu wengi wakianza kuendesha wanalaumu kitu cha mwisho walichokula. Mara nyingi wanakosea. Sumu za bakteria wa kwenye chakula kilichokaa nje zinaweza kukupiga ndani ya nusu saa mpaka saa nane hivi, hiyo sawa, lakini salmonella inaweza kuchukua saa sita mpaka siku sita, na campylobacter wa kwenye kuku asiyeiva kawaida ni siku mbili mpaka tano. Yaani ile biriani ya Ijumaa unayoitukana Jumamosi inaweza kuwa haina kosa, mkosaji ni kuku wa Jumatano. Kwa hiyo usiandike "wamenipa sumu". Andika ulichoona kwa macho, kuku alikuwa mwekundu kwenye mfupa, nyama ilikuwa ya uvuguvugu kwenye chombo hakina moto. Kama mmeumwa watu watatu wa meza moja basi nendeni hospitali mpimwe, na mkamwambie bwana afya wa eneo lile, yeye ana mamlaka ya kuingia jikoni, nyota zako hazina.

Kingine ni sheria. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kuchapisha taarifa unazojua ni za uongo kwa nia ya kuchafua au kupotosha watu, na adhabu ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote viwili. "Samaki wangu alikuwa hajaiva" ni kitu ulichokiona. "Wanauza nyama ya punda" bila ushahidi ni kesi. Kaa upande wa kwanza.

Ukitoka nje ya nchi

Hapa kosa kubwa ni kupima cha watu kwa kipimo cha kwenu. Nitakiri langu. Nilienda Muscat kumwona shangazi, akanipeleka hoteli ya Wahindi wa Hyderabad, nikaagiza biriani. Ikaja imefukiwa, nyama ndani ya wali, hakuna mchuzi pembeni. Mi nimekulia biriani ya kwetu, wali wa rangi huku na masala mazito ya kitunguu yanamwagwa juu, nikaanza kunung'unika kwamba wamesahau mchuzi. Shangazi akanikata jicho. Biriani yao inapikwa pamoja kwa mvuke, chungu kimezibwa, na ilikuwa biriani safi kabisa, ila ningeandika usiku ule ningesema "haina mchuzi, kavu" na ningekuwa mjinga wa kimataifa. Kesho yake nikala mishkaki ya barabarani, wenyewe wanaita mishkak, ina ukwaju, na muuzaji mzee anaongea Kiswahili cha Unguja kuliko mimi, wapo wengi kule wenye asili ya Zanzibar. Hapo nililinganisha kwa haki maana kitu ni kilekile, na nikasema ya Muscat vipande ni vidogo, laini, chachu imezidi kidogo. Shuwa nayo, nyama inayofukiwa chini siku nzima au mbili, ni ya Idi zaidi, ukiikuta hotelini siku ya kawaida uliza imepikwaje kabla hujaandika kwamba umekula shuwa.

Jina linaweza kubadilika na kitu kisibadilike, na kinyume chake. Mtu wa Kigoma akienda Bujumbura akiona mukeke kwenye menyu, huyo ni mgebuka wake wa ziwa hilohilo, ana haki yote ya kutoa hukumu. Ila rolex ya Kampala sio saa na sio chapati mayai iliyokosewa, ni mayai na nyanya na kabeji yamekunjwa ndani ya chapati na inaliwa ukitembea, usiseme "hawakunipa uma".

Mambo ya hela ndio yanayozalisha maoni mabaya ya kijinga kuliko yote, kwa hiyo yajue kabla hujapanda ndege.

Marekani bakshishi sio zawadi, ndio mshahara. Sheria ya taifa inaruhusu mhudumu anayepata bakshishi alipwe dola 2.13 tu kwa saa, kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991, japo majimbo mengine kama California wanalipa kima cha chini kamili. Kwa hiyo asilimia 18 mpaka 20 ni ya kawaida, na ukiandika "wananing'ang'aniza hela ya ziada" kila anayesoma anajua wewe ni mgeni. Laumu mfumo ukitaka, ila sio yule binti.

London mara nyingi utakuta sevisi chaji asilimia 12.5 tayari iko kwenye bili na imeandikwa ni ya hiari, unaweza kuomba iondolewe na hakuna wa kukukamata. Tangu Oktoba 2024 sheria inawataka waajiri wawape wafanyakazi bakshishi yote bila kukata, hivyo kama huduma ilikuwa nzuri iache tu. Pale mlangoni pia angalia stika ya kijani na nyeusi yenye namba kutoka 0 mpaka 5, ni alama ya usafi wa jikoni, haina uhusiano na utamu. Nimeshaona mtu anaandika "wana 5 lakini chakula cha kawaida". Wales ni lazima waibandike, England yenyewe sio lazima, ila unaweza kuitafuta mtandaoni. New York nao wana herufi A, B, C dirishani tangu 2010, habari ni ileile ya usafi.

Paris huduma imeshahesabiwa ndani ya bei, mkate haulipiwi, na ukiomba jagi la maji ya bomba ni bure, ukiomba "maji" tu wataleta chupa na utalipa, hilo usilalamikie. Italia ukiona coperto kwenye bili ni hela ya kukaa mezani, kila kichwa, na inatakiwa iwe imeandikwa kwenye menyu. Haikuandikwa? Lalamika. Japani usiache hela mezani, mhudumu anaweza kukukimbiza barabarani akurudishie.

Na lugha, jamani. Kama uliagiza kwa kunyoosha kidole kwenye picha na kikaja kitu ambacho hukutarajia, sema hivyo kwenye maoni. "Niliagiza kwa picha, sikuuliza" ni maneno manne yanayobadilisha hukumu yote.

Nyota zenyewe

Mimi nyota naziweka mwisho kabisa baada ya kuandika, maana ukianza nazo utaandika kuzitetea. Tatu kwangu ni nimekula nimeshiba sina neno, sio tusi. Nne nitarudi. Tano nitampeleka mama yangu. Mbili kuna kitu kimeharibika ila nitawapa nafasi, moja naiweka kwa uchafu au wizi tu.

Za wengine zisome kwa tahadhari. Mwaka 2017 huko London kijana mmoja, Oobah Butler, aliandikisha kibanda cha bustanini kwake kama mgahawa kwenye TripAdvisor, The Shed at Dulwich, rafiki zake wakamwandikia maoni ya uongo, na kikapanda mpaka namba moja ya mji mzima wakati hakijawahi kuuza hata sahani moja. Picha za vyakula alitumia hadi povu la kunyolea ndevu. Kwa hiyo ukiona sehemu ina nyota tano arobaini zote za wiki moja na hakuna hata mmoja anayetaja jina la chakula, endelea mbele. Mi huwa naruka tano na moja naenda kusoma za tatu, watu wa tatu hawana hasira wala mapenzi, wanakwambia tu kwamba sehemu ya kuegesha gari hakuna na kachumbari ilikuwa na kitunguu kingi.

Wale wa Michelin wanaogawa nyota za migahawa, walioanza 1900 na kitabu cha kampuni ya matairi, wakaguzi wao wanaenda bila kujitambulisha na wanalipa bili kama mtu yeyote. Sisi hatuna bajeti yao, ila hilo la kutojitambulisha tunaliweza. Usiingie na ringi laiti na mpigapicha alafu uandike kwamba huduma yao ni ya haraka. Piga picha mbili, sahani kabla hujaigusa na ile kasoro kwa karibu, kwa mwanga wa dirishani, bila sura za watu wa meza ya pili, maana hujui nani amekuja kula na nani.

Na ukishaandika, lala. Soma asubuhi. Nusu ya maneno makali utayafuta mwenyewe, kwa sababu jana uliandika na njaa au na foleni ya Mwenge kichwani.

Mwisho ni kurudi. Ile sehemu ya changu mbichi nilirudi baada ya miezi mitatu hivi, mwenye mgahawa alikuwa amenijibu kistaarabu kwamba wamebadilisha jiko. Nikaagiza samaki yuleyule kwa makusudi. Alikuja dakika thelathini na tano, amechanwa ubavuni mara tatu, ameiva mpaka kwenye mfupa, bei imepanda kuwa 18,000. Nikafungua maoni ya zamani, sikuyafuta, nikaongeza chini tarehe na nilichokula, nikatoa mbili nikaweka nne. Chumvi bado wanazidisha, hiyo nimeiacha ilivyo.